Kulisha ndege pori bustanini: tuzungumze raha yake na wajibu wake

Jicho la Alfajiri (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani nyuzi za kuku, bata na njiwa wa kufuga ni nyingi, na zinasaidia sana. Leo naomba tuwazungumzie ndege wasio na mwenyewe, wale wanaotua ukutani, wakapekua majani makavu, kisha wakaenda zao. Nimewalisha kwa muda mrefu, na kuna jambo nimeliamini kuliko mengine yote kuhusu shughuli hii: sehemu kubwa ya faida ya punje tunazoweka haiishii tumboni mwa ndege, inaishia machoni mwetu. Ndege pori anajua kujitafutia. Sisi ndio tunaopata nafasi ya kumwona akiwa hatua chache kutoka dirishani, ametulia, kwa muda wa kutosha kumjua.

Nikisema kumjua sina maana ya kujua jina lake. Majina yatakuja yenyewe. Nazungumzia kujua anavyokula, anamwogopa nani, anamfukuza nani, anakuja wakati gani na anatua upande gani wa tawi.

Chukua kula peke yake. Ukiwa mbali, ndege wote wanadonoa tu. Ukiwa karibu unaona mambo mengine kabisa. Chiriku hamezi mbegu ya alizeti nzima: anaiweka kwenye ukingo wa mdomo, anaizungusha kwa ulimi, anaipasua, ganda linadondoka na kiini kinabaki. Anaweza kukaa palepale akipasua moja baada ya nyingine bila haraka. Njiwa na tetere hawahangaiki na maganda. Wanameza punje zima, wanajaza ule mfuko wa chakula ulio chini ya koo, kisha wanaruka kwenda kusaga mahali penye usalama. Na wapo ndege wadogo wanaochukua mbegu moja tu, wakaipeleka kwenye tawi, wakaibana kwa vidole vya miguu na kuigonga mpaka ifunguke, halafu wakarudi kwa nyingine.

Kunywa nako kuna mambo yake. Ndege wengi huchota tone mdomoni kisha wakainua kichwa ili maji yateremke kooni. Njiwa anatumbukiza mdomo na kuyavuta maji moja kwa moja, kichwa kikiwa chini vilevile. Mtu anaweza kuzungukwa na njiwa miaka na miaka asilione hilo, mpaka siku watakapoanza kunywa mbele yake kila asubuhi.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu atufundishe.

Mama wa Maua

Asante kwa uzi, mkuu. Nilikuwa nawawekea, wakawa wanakuja wengi mpaka raha. Halafu mtu mmoja akaniambia nawaharibu ndege wa watu: watasahau kutafuta chakula, na siku nikisafiri watakufa njaa. Nikaacha. Ni kweli jamani? Maana nimewakumbuka.

Jicho la Alfajiri

Mama wa Maua, hofu hiyo inawazuia wengi, na bahati nzuri kuna watu waliokwenda kuipima.

Margaret Brittingham na Stanley Temple walifanya kazi hiyo Wisconsin, Marekani, mahali penye baridi kali, kwa ndege mdogo aitwaye chikadii kofia-nyeusi. Ni ndege wa gramu kumi na kidogo hivi, kwa hiyo usiku mmoja wa baridi kwake si mchezo. Kwanza walilinganisha waliokuwa na vilishio, yaani vyombo vya kuwawekea ndege chakula, na wasiokuwa navyo. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1988 yalionyesha kuwa 69% ya wenye vilishio waliumaliza msimu wa baridi wakiwa hai, na kwa wasio navyo ilikuwa 37%. Tofauti ilijitokeza hasa kwenye miezi ya baridi ya kupindukia.

Halafu wakauliza swali lako hasa. Wakaenda mahali ambapo ndege walikuwa wamezoea kulishwa, wakaondoa vilishio, wakawalinganisha na ndege ambao hawajawahi kulishwa. Matokeo yalitoka mwaka 1992: waliozoea kulishwa waliishi sawasawa na wale wengine. Hata vilishio vilipokuwepo, chakula chake kilikuwa takriban 21% tu ya nguvu walizohitaji kwa siku. Kilichobaki walikitafuta wenyewe.

Na hili huhitaji utafiti kuliona. Mtazame ndege aliyekuja kwako. Anakula kidogo, anaondoka, anakagua gome la mti, anageuza jani, anarudi. Maisha yamemfundisha kuwa chakula cha leo kinaweza kutoweka kesho, kwa hiyo hawezi kutegemea sahani moja. Endelea kuwalisha, mama. Ukisafiri, safiri kwa amani. Ninachoweza kuongeza ni kwamba anayeishi penye baridi kali asikatize katikati ya siku zile mbaya kabisa, kama ana uwezo wa kuepuka hilo.

Mkulima Mdogo

Mimi naomba niseme upande wa pili. Ndege nimewakimbiza shambani tangu utotoni, leo niwaite mezani? Punje zikimwagika zinaleta panya. Kinyesi kinajaa ukutani. Na wakizoea hapa, watamalizia kwenye mazao. Sioni faida yake zaidi ya kujifurahisha.

Uzio wa Kijani

Mkulima, kuhusu panya nikupe uzoefu. Panya hawafuati ndege, wanafuata mabaki ya usiku. Mimi naweka kiasi ambacho kinaisha kabla jua halijazama. Chini ya kilishio nimetega trei pana inayodaka kinachodondoka, na jioni nakusanya kila kitu. Stoo ya mbegu ni ndoo ya chuma yenye kifuniko. Tangu nifuate utaratibu huo sijaona panya pale. Kinyesi kinategemea unakotundika: usiweke juu ya njia wala karibu na kamba ya nguo.

Jicho la Alfajiri

Uzio wa Kijani umemaliza kuhusu panya, sina la kuongeza.

Mkulima Mdogo, hofu ya mazao ina msingi na siipuuzi. Kama nafaka yako iko kando ya nyumba, usiweke mtama wala uwele wakati masuke yanakomaa. Kipindi hicho weka maji peke yake. Lakini tazama pia upande mwingine wa hesabu. Ndege wengi unaowaona wakila mbegu hawawalishi makinda yao mbegu, wanawalisha wadudu. Huyo chikadii niliyemtaja, jozi moja hupeleka kiotani viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulea makinda ya mara moja. Viwavi hao wanatoka kwenye miti na mimea iliyo karibu na kiota. Bustani yenye ndege ina wafanyakazi.

Na hilo la kujifurahisha umelisema kama lawama. Mimi nalikubali waziwazi. Ni furaha, na sioni kwa nini ihitaji kisingizio kingine.

Kijana wa Ghorofani

Wakuu, sisi tusio na bustani tumetengwa? Nina kibaraza cha mita mbili ghorofa ya tatu na sheria za jengo zinakataza kumwaga nafaka.

Jicho la Alfajiri

Hujatengwa hata kidogo. Weka maji.

Nasema kwa uhakika: kama ningeambiwa nichague kimoja kati ya chakula na maji, ningechagua maji. Mbegu zinawaleta wanaokula mbegu tu. Maji yanawaleta wote: wanaokula wadudu, wanaokula matunda, wanaofyonza nekta (maji matamu ya maua), hata wale ambao hawatakuja kwenye kilishio chako maishani mwao.

Kinyweshio kizuri ni sahani pana, isiyo na kina. Sentimita 2.5 hadi 5 zinatosha katikati, na ukingoni iwe chini ya hapo. Uso wake uwe na mikwaruzo, maana ndege hapendi kusimama mahali panapoteleza. Udongo wa kufinyanga usiopakwa rangi ni bora kuliko plastiki. Weka jiwe katikati likiwa limetokeza juu ya maji, ili hata mdudu aliyeanguka apate pa kushika. Maji yabadilishwe kila siku, yasije yakazaa mbu.

Kisha subiri waoge. Hapo ndipo utakapojua nilikuwa nasema nini. Anakuja kwanza ukingoni, anatazama juu, anatazama pembeni, anaonja. Anaingia. Anatumbukiza kifua, anapiga mabawa, maji yanaruka pande zote, anatoka, anahisi hajatosheka, anarudi. Akimaliza amelowa hata hatambuliki, anakwenda kwenye tawi na kuanza kupanga manyoya yake, moja moja, akiyapitisha mdomoni na kuyapaka mafuta anayoyachota kwenye tezi iliyo juu ya shina la mkia. Kazi hiyo haifanyi kwa haraka, kwa sababu manyoya yakivurugika hawezi kuruka vizuri wala kujikinga na baridi. Ndege aliyelowa anajua kuwa ni rahisi kukamatwa, ndiyo maana huoga pale tu anapopaamini. Akioga kwako, amekuamini.

Mama wa Maua

Nimefurahi hadi nimeshaosha ile sahani ya zamani. Sasa nielekezeni chakula. Mkate? Wali? Nimesikia mchele mbichi unawapasua matumbo.

Jicho la Alfajiri

La mchele kupasua matumbo si kweli. Ndege wanakula mpunga mashambani kila siku na hawapasuki. Mchele mbichi haudhuru, na wali usiotiwa chumvi wala mafuta wanaula pia.

Mkate haui, lakini unashibisha bila kujenga. Kinda anayelishwa mkate hapati anachokihitaji kukuza mifupa na manyoya. Ukiwa na kipande kidogo mara mojamoja si neno, ila usifanye ndiyo chakula chao. Mkate ulioota ukungu utupe kabisa.

Mbegu ninayoipenda kuliko zote ni alizeti yenye ganda jeusi. Ina mafuta mengi, ganda lake ni jembamba, na hata ndege mwenye mdomo mdogo anaimudu. Uwele na mtama ni wa wale wanaokula chini na wenye midomo mifupi. Matunda yaliyoiva sana yanawaleta ndege ambao mbegu haiwahusu: yakate nusu, yachome kwenye kijiti, uone. Isipokuwa parachichi. Parachichi lina sumu kwa ndege. Chokoleti pia ni sumu kwao, na vyakula vya chumvi viwekwe mbali, maana figo zao haziwezi kuhimili chumvi nyingi. Maziwa msiwape, hawawezi kumeng'enya sukari yake.

Karanga zinahitaji uangalifu wa pekee. Ziwe hazina chumvi, na ziwe safi kiasi ambacho wewe mwenyewe ungekula. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, na sumukuvu inaua ndege kama inavyodhuru watu na mifugo. Wakati wa makinda zivunjevunje, kwa sababu mzazi anaweza kumpelekea mtoto karanga nzima ikamkaba.

Kwa wafyonza nekta, kama ndege aitwaye chozi, au ndege wavumaji kwa walio Amerika: sukari nyeupe kipimo kimoja, maji vipimo vinne. Basi. Usitie asali, inachacha na kuotesha kuvu. Usitie rangi, haina kazi. Rangi nyekundu iwe kwenye chombo. Kwenye joto badilisha kila baada ya siku mbili, na osha chombo kabla ya kujaza tena.

Uzio wa Kijani

Naongeza: msichanganye mbegu za aina zote kwenye kilishio kimoja. Kila ndege anachambua anayoitaka na kumwaga nyingine, ndiyo mwanzo wa uchafu. Mimi nina cha alizeti juu na cha uwele chini, mbalimbali. Ugomvi nao umepungua.

Mpita Njia

Wakuu naombeni msaada wa haraka. Kwenye kilishio changu kuna ndege amekaa tangu asubuhi, amejivimbisha manyoya, macho anafumba fumba. Nikisogea haondoki. Nimfanyeje?

Jicho la Alfajiri

Mpita Njia, huyo ni mgonjwa. Usimshike kwa mikono mitupu. Kama kuna kituo cha kutunza wanyamapori au daktari wa mifugo karibu nawe, piga simu uulize. Sasa hivi ondoa vilishio vyote na maji, leo hii hii. Viache nje ya matumizi walau wiki mbili ili ndege watawanyike. Vioshe kwa sabuni, uvitumbukize kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, usuuze sana, uvianike mpaka vikauke kabisa. Fagia maganda yote chini. Nawa mikono. Na kama una kuku nyumbani, fanya kazi za kuku kwanza ndipo uje kwenye hivi, kwa viatu vingine na nguo nyingine.

Wengine wote tusome hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya uzi ninayotaka isisahaulike kuliko zote. Msituni ndege hawakusanyiki kila siku kwenye sahani moja, wakikanyaga kinyesi cha wenzao na kudonoa punje iliyodonolewa na mgonjwa. Sisi ndio tunaowakusanya hivyo. Kwa hiyo usafi ni deni letu.

Mwaka 1994, kwenye vilishio vya eneo la Washington, D.C., watu walianza kuona chiriku wenye kichwa chekundu wakiwa na macho yaliyovimba na kufunga. Mkosaji alikuwa bakteria Mycoplasma gallisepticum, ambaye wafugaji wa kuku wanamjua vizuri. Ugonjwa ukaenea sehemu kubwa ya Marekani, na vilishio vilikuwa mojawapo ya mahali walipoambukizana. Uingereza nako, mwaka 2005, kimelea cha Trichomonas kinachoshambulia koo kilionekana kwa chiriku kijani. Ndege anashindwa kumeza, anarudisha punje yenye mate kwenye sahani, mwenzake anaiokota. Chiriku kijani alikuwa ndege wa kawaida kabisa wa bustani. Mwaka 2021 aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo.

Silitaji hili ili mtu aache kulisha. Nalitaja ili tuoshe. Vilishio kila wiki, maji kila siku, na kuvihamisha mahali mara kwa mara ili ardhi ya chini ipumzike. Anayeona kuosha ni kazi kubwa apande maua na awe na sahani ya maji moja tu. Atawaona ndege vilevile.

Mpita Njia

Nimeondoa vyote. Daktari wa mifugo amenipa utaratibu wa kumchukua. Asanteni sana.

Mjukuu

Poleni kwa kuingilia, lakini nimeona niseme. Bibi yangu hawezi tena kutoka kitandani. Tuligeuza kitanda kikatazama dirisha, tukatundika kilishio mbele yake. Sasa asubuhi tukiingia haanzi na maumivu, anaanza na habari za ndege: nani amekuja, nani amepigana na nani. Kuna tetere mmoja amempa jina la shangazi yake. Sijui kama ni dawa, ila nyumba imebadilika.

Jicho la Alfajiri

Mjukuu, mfikishie bibi salamu zetu, na asante kwa kumgeuzia kitanda.

Watafiti wa King's College London walilipima jambo la namna hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2022. Watu 1,292 walijaza maswali kwenye programu ya simu mara kadhaa kwa siku, wakieleza walipo, kama wanaona au kusikia ndege, na wanavyojisikia. Waliokutana na ndege walijisikia vizuri zaidi, na unafuu huo uliweza kudumu kwa muda wa hadi saa nane. Waliowahi kuambiwa na daktari kuwa wana sonona nao waliupata.

Mimi nadhani sababu moja ni kwamba ndege anakutoa ndani ya kichwa chako. Huwezi kumtazama vizuri huku ukiwa unajitazama mwenyewe. Ana shughuli zake, hana habari na matatizo yako, na kwa dakika chache nawe unakuwa na shughuli zake. Kama bibi ana hamu, mwambieni asikilize sauti pia. Chikadii yule, kwa mfano, anapiga mlio wa kuonya wenzake, na watafiti waligundua mwaka 2005 kwamba akiona adui hatari zaidi anaongeza idadi ya vipande vya mwisho vya mlio ule. Kipanga mdogo mwepesi anaongezewa vipande vingi, bundi mkubwa asiyemweza vichache. Ndege wa kwenye dirisha la bibi nao watakuwa na lugha yao. Akilala akiwasikiliza, baada ya muda atajua mwewe amepita kabla sisi hatujamwona.

Mama wa Maua

Umetaja mwewe. Jana amemchukua njiwa pale pale kwenye kilishio, manyoya yametapakaa. Nimelia. Nahisi nimewawekea mtego.

Jicho la Alfajiri

Pole sana mama. Kumwona ni kuzito.

Mwewe naye ni ndege pori na ana makinda. Bustani ambayo mwewe anaijali ni bustani yenye uhai wa kutosha kumlisha. Hilo silisemi ili kukupoza, ndivyo ninavyoliona. Ukiacha kuweka chakula kwa siku chache, mwewe atabadilisha njia na wengine watarudi. Kilishio kiwe mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka kizito: ndege wanapata pa kukimbilia, na paka hapati pa kujificha hatua moja kutoka mezani.

Paka ndiyo habari yenyewe hasa. Mwewe anakamata ili aishi. Paka wa nyumbani anakamata akiwa ameshiba. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2013 kwa Marekani pekee ni ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Mwenye paka anayezurura asitundike kilishio, au amfungie paka ndani saa ambazo ndege wanakula.

Na dirisha. Kioo kinaonyesha mti na anga, ndege anaruka kuingia kwenye mti usiokuwepo. Kilishio kiwe karibu sana na kioo, chini ya mita moja, ili ndege akishtuka asiwe na kasi ya kujiua. Au kiwe mbali, zaidi ya mita 10. Umbali wa katikati ndio unaoua. Vidoa vidogo kwenye uso wa nje wa kioo, kila sentimita 5, vinasaidia sana.

Mkulima Mdogo

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Nakubali mengi. Lakini swali langu zito ni hili: tukiwalisha kizazi hadi kizazi, hatuwabadilishi? Ndege pori si atakuwa kitu kingine?

Jicho la Alfajiri

Mkulima, hapo umegusa kitu ambacho kimenifikirisha sana. Jibu ni ndiyo, tunawabadilisha.

Kuna ndege mdogo wa Ulaya, Sylvia atricapilla, dume lake lina utosi mweusi. Wale wa Ujerumani na Austria walikuwa wakihamia kusini-magharibi, kwenye Mediterania, kukwepa baridi. Kuanzia miaka ya 1960 wakaanza kuonekana kwa wingi Uingereza wakati wa baridi, upande mwingine kabisa, wakila kwenye bustani za watu. Peter Berthold na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba mwelekeo huo mpya ulikuwa umeingia kwenye urithi: makinda ya waliokwenda Uingereza, hata yakilelewa kwenye vizimba, yalitaka kuelekea huko huko. Ndani ya miongo michache tu. Na mwaka 2017 ulitoka utafiti mwingine uliolinganisha ndege wa jamii nyingine, Parus major, wa Uingereza na Uholanzi. Wa Uingereza, ambako kulisha bustanini kumeenea mno, midomo yao imerefuka, na watafiti wanaona vilishio kuwa sababu inayowezekana.

Swali ni je, hilo ni baya? Mimi silioni kuwa baya wala zuri kwa jumla. Tumekwisha kubadilisha kila kitu kinachowazunguka: tumekata misitu, tumepiga dawa wadudu wao, tumejenga. Hakuna ndege anayeishi karibu na watu ambaye hatujamgusa. Ila ninachokataa ni kulisha kunakosahau mengine. Mtu anatundika kilishio kizuri kwenye ua uliosakafiwa wote kwa saruji, hana mti, hana jani, anapuliza dawa kila mdudu. Huyo amempa mzazi mbegu na kumnyima mtoto chakula. Mti mmoja wa asili ya mahali ulipo, ukiachwa na viwavi wake, utafanya kazi ambayo vilishio vyangu vyote haviwezi. Kichaka cha matunda madogo, nyasi zilizoachwa zikatoa mbegu, maua yaliyokauka usiyakate mpaka wamalize. Anza na hayo, halafu kilishio kiwe kiti chako cha mbele cha kutazamia.

Mkulima Mdogo

Hapo umenielewesha. Kona moja ya shamba naiacha na nyasi zake msimu huu. Kilishio bado sijaamua.

Kijana wa Ghorofani

Wakuu, mrejesho! Sahani ya maji ilikaa karibu wiki mbili hakuna kitu, nikaanza kukata tamaa. Leo asubuhi amekuja mmoja. Mdogo, wa kijivu, tumbo jeupe. Amekunywa mara tatu akaondoka. Jamani, moyo ulinidunda. Ni ndege gani huyo?

Jicho la Alfajiri

Hongera sana! Wiki mbili ni kawaida, chombo kipya kinawatia wasiwasi. Akishakuja mmoja, wengine wanamwona. Usikisogeze sasa.

Kwa maelezo hayo siwezi kumtaja jina, wako wengi wa kijivu wenye tumbo jeupe. Akirudi, usihangaike na rangi kwanza. Tazama mdomo: mnene wa kupasua mbegu, au mwembamba wa kuokota wadudu? Tazama miguu: anatembea hatua kwa hatua au anarukaruka miguu yote pamoja? Mkia anautikisa au umetulia? Alipokunywa, aliinua kichwa au alivuta maji akiwa ameinama? Kaa ndani, usogeze pazia kidogo tu, na uandike ukiwa bado unamwona. Kisha njoo hapa utuambie.